Je, Kumpumzisha Mzee Ndiko Kumheshimu?



Chai tunywayo asubuhi kwa mahamri, wengi wetu hatujui imetoka wapi, ila twajua kwamba imepita katika maghala ya Shimanzi na Changamwe, ikanadiwa mnadani Mombasa, kisha ikatufikia dukani. Hivi karibuni nalikwenda katika nchi yenyewe itokako chai hiyo, Mogogosiek, katika kaunti ya Bomet upande wa Konoin, kumjulia hali kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyefungua duka huko. Ni nchi ya baridi na mvua za alasiri, na vilima vyake vimefunikwa na michai kama vilivyotandikwa busati, na pana kiwanda ambacho wakulima wadogo wadogo hupeleka majani yao. Sikwenda kutafuta la kuandika. Lakini nalirudi na swali ambalo halikuniacha nikalala, nami naona yatupasa tuliangalie sote.

Jirani wa yule kijana ni bibi mmoja wa Kikipsigis aliyepita miaka 80. Kila mtu humwita Kogo, yaani nyanya, nami nikaambiwa nimwite hivyo hivyo. Shamba lake ni dogo, limezunguka nyumba. Kazi nzito hufanywa na wajukuu na kibarua mmoja. Ama yeye huchuma kwa muda wa saa moja au mbili tu asubuhi, majani mawili na chipukizi lake, kisha huenda nao kwa miguu hadi kituo cha kununulia majani. Na huko ndiko kwenye kazi yake khasa. Hasomi wala haandiki, lakini husimama kando ya mizani akisikiliza kilo zikitajwa, na kilo za mwezi mzima amezihifadhi kichwani, zake na za jirani zake wawili. Karani akikosea, yeye ndiye amsahihishaye. Na wakiwa wanangoja lori, wanawake wenziwe humletea khabari na mashauri: nani kaposa wapi, nani kagombana na mkwewe, ng'ombe yupi amepungukiwa na maziwa na apewe nini. Naye husikiliza, hupima, kisha hutoa rai yake.

Nalimwuliza, "Kogo, mbona hupumziki, na watoto wako wanajiweza?"

Akacheka. Akasema, "Mwanangu wa Nairobi alinichukua miezi mitatu. Nyumba nzuri, maji ya moto, televisheni. Kila nikishika sufuria wananiambia, Mama, kaa. Nikakaa. Nikaanza kusahau siku. Sikujua leo ni Jumanne au ni Jumapili, kwa sababu siku zote zilikuwa moja. Nikamwambia, mwanangu, nirudishe nyumbani kabla sijasahau na njia." Kisha akaniuliza, "Na wewe, mama yako yuko? Anafanya nini?"

Nikamjibu upesi, tena kwa fakhari, "Yuko. Hafanyi kitu. Tumempumzisha."

Yule bibi hakuongeza neno. Akanitazama kitambo, kisha akainua kikapu chake.

Yanipasa sasa niseme ukweli wa nyumbani kwangu, maana haifai mtu kuwawaidhia watu kwa jambo ambalo amelificha kwake. Mama yangu tangu ujana wake alikuwa akipika mahamri na mbaazi za kuuza. Alijua deni la kila nyumba ya mtaa bila daftari, alijua mtoto wa nani anaumwa na nani amesafiri, na mlango wake haukupungukiwa na watu tangu alfajiri. Alipotimia miaka 70, sisi wanawe tukakaa tukashauriana. Tukaona ni aibu mama yetu kuonekana juu ya karai ilhali sisi tu watu wazima wenye kipato. Tukamnunulia kiti kizuri na televisheni, tukamwekea msichana wa kazi, na funguo za stoo alizokuwa nazo miaka 40 tukamkabidhi mke wangu. Watu wakatusifu. Mwaka wa pili akaanza kuuliza swali moja mara tano. Leo pana siku huniita kwa jina la marehemu baba yangu.

Sisemi kwamba sisi ndio tuliomtia maradhi. Maradhi haya ya kupotewa na kumbukumbu uzeeni yana sababu nyingi, na tabibu mwenye insafu hatathubutu kuapa juu ya mtu mmoja. Nisemalo ni kwamba hatukumwuliza. Tulimwondolea kazi yake, wateja wake na funguo zake kwa siku moja, bila ya khiari yake, na jambo hilo tukaliita wema.

Basi suala letu ni hili. Je, kumwondolea mzee kila kazi na kila shughuli ndiko kumheshimu, au ni kumdhulumu kwa mkono laini?

Kabla ya kujibu, na tuone wataalamu wa ubongo wamegundua nini, kwani elimu yenye manufaa huokotwa popote ilipo. Zamani ilidhaniwa kwamba ubongo ukishakomaa haubadiliki tena, ila huchakaa tu. Kuanzia miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, Marekani, mabwana Mark Rosenzweig, Edward Bennett na David Krech, pamoja na bibi Marian Diamond, walifanya majaribio yaliyoitikisa dhana hiyo. Walichukua panya wa uzazi mmoja wakawagawa. Wengine waliwatia katika kizimba kikubwa, wengi pamoja, wakawawekea ngazi, magurudumu na vitu vya kuchezea vilivyobadilishwa mara kwa mara. Wengine walimtia kila mmoja peke yake katika kizimba kidogo kisichokuwa na kitu. Baada ya siku nyingi walipotazama bongo zao, waliona kwamba tabaka ya juu ya ubongo wa wale walioishi na wenzao na mambo mapya ilikuwa nene na nzito zaidi kuliko ya wale waliokuwa peke yao.

Nakuombeni mlizingatie jambo moja katika khabari hii. Chakula na maji wale panya wote walipewa sawasawa, kadiri ya kutaka kwao. Yule aliyekuwa peke yake hakuwa na njaa wala kiu, wala hakupigwa na jua wala mvua. Lau ungemwuliza mwenye kizimba, angesema, "Huyu hakupungukiwa na kitu." Na maneno hayo ndiyo hasa tusemayo sisi tukiulizwa juu ya wazee wetu: anakula, anavaa, ana kitanda, ana dawa, hakupungukiwa na kitu!

Wala haikuwa ni khabari ya panya wachanga peke yao. Mwaka 1985 bibi Diamond alieleza kwamba hata panya waliokwisha kuzeeka sana, ubongo wao uliongezeka walipohamishwa na kutiwa penye wenzao na mambo ya kushughulika nayo. Naye husimuliwa kwamba panya hao walifikia umri huo mkubwa baada ya wahudumu kuanza kuwashika na kuwapapasa kwa upole kila siku. Na mwaka 1997 wataalamu wengine wa California, wa Taasisi ya Salk, walionyesha kwamba panya wadogo waliowekwa mahali pa namna hiyo hupata seli mpya nyingi zaidi katika ile sehemu ya ubongo ihusikayo na kumbukumbu.

Mtu atasema: panya si binadamu. Ni kweli. Lakini kwa binadamu pia pana ushahidi. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Marekani, David Snowdon, alianza kuwachunguza watawa wa Kikristo, wanawake 678 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, ambao wengi wao walikuwa walimu. Walikubali kupimwa akili kila baada ya muda, na kwamba wakifa bongo zao zitazamwe. Kukaonekana jambo la ajabu: miongoni mwao walikuwamo ambao ubongo umejaa alama za maradhi haya, ilhali mpaka siku za mwisho walikuwa na akili timamu. Wataalamu hulieleza jambo hili kuwa ni akiba. Mfano wake ni mfanyabiashara wa zamani ambaye amejaza ghala lake: majahazi yakichelewa kwa upepo, duka lake halifungwi siku ile ile kama la yule auzaye akiba ya jana. Elimu, kazi yenye kutumia fikira, mazungumzo na watu, na mwendo wa mwili, yote haya huijaza ghala hiyo, na huendelea kuijaza hata uzeeni.

Hapa hutokea mwenye kupinga akasema: "Haya yote ni kadari. Uzee ni uzee, na aliyeandikiwa kusahau atasahau." Namjibu kwamba sisi ndio wa kwanza kuamini kadari. Qur'ani imeutaja waziwazi ule umri mnyonge ambao mtu hurudishwa hata asijue kitu baada ya kuwa alijua, na Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na kufikishwa umri huo. Basi kupatwa nao si aibu, wala si adhabu, wala si dalili ya dhambi iliyofichika. Lakini aombaye mvua hupanda mbegu, na ajikingaye kwa dua hajakatazwa kujikinga kwa sababu.

Na sababu hizo zimehesabiwa. Mwaka 2024 tume ya wataalamu iliyokusanywa na jarida la utabibu la Uingereza liitwalo The Lancet ilitaja mambo 14, ikakadiria kwamba lau yangaliondolewa yote, karibu 45 katika kila wagonjwa 100 wa maradhi haya duniani wangeepushwa nayo au yangecheleweshwa. Miongoni mwake ni kukosa elimu utotoni, presha, kisukari, sigara, ulevi, kukaa bila ya kuusogeza mwili, huzuni iliyozidi, uziwi usiotibiwa, upofu usiotibiwa na upweke. Lakini hesabu hiyo hiyo yatwambia pia kwamba zaidi ya nusu ya maradhi haya haimo mikononi mwetu. Basi asije mtu akasoma makala haya akamlaumu jirani yake kwamba mamake amepotewa na akili kwa sababu ya uzembe wa watoto. Kuna waliofanya kila lililo jema na maradhi yakaja. Tuulizwalo sisi si "Kwa nini umepatwa?" bali ni "Umetenda lipi katika lile uliloliweza?"

Kuna na mpinzani wa pili, na hoja yake ina nguvu zaidi. Atasema: "Sheikh, wewe wataka kuwarudisha bibi zetu jikoni na shambani. Huko juu Bomet na Kericho wako vikongwe wanaochuma majani kwenye mvua kwa kuwa hawana budi. Je, hiyo ndiyo tiba ya ubongo?" Hapana, hata kidogo. Kazi ya kulazimishwa na njaa si neema. Mwenye kuinama mchana kutwa juu ya mchai mmoja baada ya mwingine, mgongo ukimwuma, peke yake, akiogopa kwamba asipochuma hatakula, huyo naye ni kama yule panya wa kizimba kitupu, ila yeye amezidishiwa na mzigo. Serikali ya Kenya imeweka mpango wa Inua Jamii wa kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na kila mwenye kununua unga ajua fedha hizo zamchukua mzee siku ngapi. Kumwondolea mzazi dhiki ni wajibu usio na khitilafu, wala sitaki neno langu liwe hoja kwa bakhili.

Lakini pana tofauti kubwa baina ya dhiki na shughuli, nasi tumezichanganya. Yule Kogo watoto wake wamemwondolea dhiki: hachumi mchana kutwa, habebi gunia, na asipokwenda shambani chakula chake kiko. Wasilomwondolea ni kuhitajiwa. Mizani yamngoja, jirani zake wamngoja, shauri la ng'ombe lamngoja. Anatembea, anahesabu, anasikiliza, anakumbuka, anahukumu, na kila siku ina jambo ambalo jana haikuwa nalo. Sisi mama yetu tulimwondolea yote mawili kwa pamoja. Tuliona jasho, hatukuona kwamba ndani ya jasho lile mlikuwamo na heshima yake.

Jibu langu basi ni hili. Kumtumikia mzee ni haki yake, lakini kutumika kwa manufaa pia ni haki yake, na mwenye kuamua mpaka uko wapi ni yeye mwenyewe maadamu akili yake ipo. Anayemnyang'anya mzazi wake kazi aipendayo kwa khofu ya maneno ya watu, huyo anajiheshimu nafsi yake, hakumheshimu mzazi. Nasi tulikuwa katika watu hao.

Na kama maradhi yamekwisha kuingia, je, mambo yamekwisha? La. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, wataalamu walichunguza wazee wa miaka 70 na zaidi wakaona kwamba karibu 6 katika kila 100 wana maradhi haya, khabari iliyochapishwa mwaka 2013. Baadaye, katika wilaya hiyo hiyo, wagonjwa walikusanywa makundi makundi, wakakutana mara 14 kwa majuma kadhaa. Hawakupewa dawa ya ajabu. Walizungumza juu ya utoto wao, vyakula, nyimbo, vyombo vya zamani na mambo ya siku hizi, na kwa kuwa wengi hawakusoma, mafunzo yalitengenezwa yasihitaji kusoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika akili zao na katika hali ya maisha yao. Hawakupona, maana maradhi haya mpaka sasa hayana dawa ya kuyaondoa. Lakini nafuu ni nafuu, na mtu akikujua jina lako Alkhamisi moja zaidi, hiyo si jambo dogo kwa mwana.

Tazameni basi: watu wa Hai walichokusanyiwa kwa utaratibu wa wataalamu ni kile kile ambacho miji yetu ya pwani ilikuwa nacho bure. Baraza mbele ya nyumba, bao la jioni, kahawa ya mtaani, ukindu wa mikeka, kofia za kudarizi, hadithi za usiku kwa watoto, darsa baada ya alasiri. Leo twajenga maghorofa yasiyo na baraza, tukampandisha bibi orofa ya nne asipoweza kushuka, kisha twashangaa kwamba hajui leo ni siku gani.

Na pana jambo la khatari zaidi kuliko upuzi wetu huu. Katika kaunti ya Kilifi, hapa hapa kwetu pwani, wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Mnamo Oktoba 2021 bibi wanne waliuawa kwa tuhuma kama hiyo katika kaunti ya Kisii, si mbali na ile nchi ya chai. Mzee akipotewa na kumbukumbu hutoka usiku asijue nyumba yake, huzungumza peke yake, huingia ua wa watu, humsahau mwanawe na kumwogopa. Mjinga akimwona husema, "Anawanga." Ndugu zangu, huyo ni mgonjwa! Mwenye kumsingizia ameongeza uwongo juu ya dhulma, na mwenye kunyamaza akisikia hayo mtaani ameshiriki. Ni wajibu wa kila khatibu na kila mwalimu wa madrasa kulisema hili kwa sauti.

Yatupasa tufanye nini majumbani mwetu? Kwanza, tumwulize mzee atakalo kabla ya kumpangia. Pili, tumwachie jambo moja ambalo lisipofanywa na yeye halifanyiki: kuchagua mchele, kufundisha wajukuu kushona, kuhesabu fedha za sokoni, kutunza kuku, kuamua karamu. Tatu, tumtoe nje, atembee, aone watu. Nne, tumpime presha na sukari, na tumtazame macho na masikio, kwani wangapi tumewaita wapumbavu na kumbe hawasikii tu, na wangapi wameacha msahafu wao kwa mtoto wa jicho ambaye hospitali humwondoa. Tano, akiuliza swali mara ya tano, tumjibu mara ya tano, sisi tulimwuliza yeye mara mia, "Mama, ile nini?"

Ama mimi, nalipofika Mombasa nalimwendea mke wangu, tukazungumza, na funguo za stoo tukamrudishia mwenyewe. Alizishika akazipima mkononi, akazifunga kiunoni pasipo kusema kitu. Asubuhi yake aliamka kabla ya msichana wa kazi. Sasa karai limerudi, kwa mahamri machache ya nyumba na ya jirani wawili, na mjukuu yu karibu naye kwa ajili ya moto na mafuta. Bado hunita kwa jina la baba yangu siku nyingine. Ijumaa iliyopita alitia chumvi mara mbili katika mbaazi. Tukala sote, tukamshukuru, na yule mjukuu akamwuliza namna ya kupima chumvi, naye akamfundisha.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika haki za wazee wetu, na awahifadhie akili zao na zetu. Amin.